Kitu Kinapogeuka, Jicho Hutambua Nini? Mjadala wa Muundo na Mionekano

Kitu kinaweza kugeuzwa mbele ya mtazamaji kwa namna mbili zinazotofautiana sana. Katika namna ya kwanza kitu huzunguka kama mshale wa saa ukutani, yaani upande unaomwelekea mtazamaji hubaki uleule na kinachobadilika ni wapi palipo juu na wapi palipo chini tu. Katika namna ya pili, inayoitwa hapa mzunguko wa kina, upande uliokuwa mbele huhamia kando au nyuma, na upande uliokuwa umefichika hujitokeza. Mbuzi ya kukunia nazi ikitazamwa kutoka ubavuni huonyesha kikalio, miguu, shingo ya chuma na meno kwa pamoja. Lakini ikigeuzwa ili ncha ya chuma imwelekee mtazamaji, shingo hufupika mpaka karibu itoweke, kikalio kirefu hubaki kipande kifupi cha ubao, na baadhi ya miguu hufunikwa na mingine. Picha inayoangukia kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imebadilika kiasi kwamba anayelinganisha mstari kwa mstari angedhani ni vitu viwili tofauti, na hata hivyo mpishi hasiti hata kidogo kujua kilichopo mbele yake.

Swali la jinsi uoni unavyomudu mabadiliko hayo lina umri mrefu. Ibn al-Haytham, aliyeandika Kitab al-Manazir nchini Misri mwanzoni mwa karne ya 11, alikwisha kueleza kwamba umbo na ukubwa wa kitu havipokelewi na jicho moja kwa moja, bali hupatikana kwa hukumu ya akili inayopita upesi mno hata mwenye kuipitisha haitambui. Karne tisa baadaye, mwaka 1931, mwanasaikolojia Robert Thouless alionyesha kwa vipimo kwamba mtu anayetazama kisahani cha mviringo kwa mshazari, akatakiwa kutaja umbo linalolingana na anachokiona, hachagui duaradufu nyembamba inayoangukia kwenye retina wala duara kamili analojua kuwa lipo, bali hutua kati ya hayo mawili. Hapo ndipo penye kiini cha mgogoro wote uliofuata, kwa kuwa mtu anayetua katikati ameshika kitu chenyewe kwa mkono mmoja na mwonekano wake kwa mkono mwingine, na haijulikani kwa kutazama tu ni mkono upi unaofanya kazi ya kutambua.

Tangu miaka ya 1970 mgogoro huo umegawa watafiti wa uoni katika kambi mbili, na hoja zao zinaeleweka vizuri zaidi zikisikika kama majibizano. Kambi ya kwanza inasemewa hapa na mtetezi wa muundo, anayeshikilia kwamba akili huhifadhi maelezo ya sehemu za kitu na mpangilio wake, maelezo ambayo hayategemei mtazamaji amesimama wapi. Kambi ya pili inasemewa na mtetezi wa mionekano, anayeshikilia kwamba akili huhifadhi mkusanyo wa sura za kitu jinsi kilivyoonekana kutoka pembe mahususi, na kwamba kutambua ni kulinganisha kinachoonekana sasa na mojawapo ya sura hizo.

Mtetezi wa muundo ndiye anayeanza, naye anaanza na kazi ya David Marr na Keith Nishihara ya mwaka 1978. Wawili hao walitoa hoja kwamba maelezo ya umbo yakiandikwa kwa kufuata mahali aliposimama mtazamaji, basi kila hatua anayopiga itadai maelezo mapya, na ghala la kumbukumbu litajaa bila mwisho. Kwa hiyo uoni lazima uyahamishe maelezo hayo yafuate mihimili ya kitu chenyewe. Mwili wa mtu, kwa mfano, ungeelezwa kuwa silinda kuu ya kiwiliwili iliyounganishwa na silinda nyingine za kichwa, mikono na miguu, na kila mkono nao kugawanywa katika silinda ndogo zaidi, na maelezo hayo yangebaki ya kweli hata mtu huyo akigeuka. Marr alifariki mwaka 1980 akiwa na umri wa miaka 35, na kitabu chake kilichopanua hoja hiyo kilichapishwa mwaka 1982, kikawa msingi wa somo zima. «Anayekataa muundo,» anasema mtetezi huyo, «ataulizwa swali moja tu: mtu anawezaje kukitambua kiti ambacho hajawahi kukiona, tena kutoka pembe ambayo hajawahi kukitazamia kiti chochote, ikiwa hana kitu kichwani isipokuwa picha za viti alivyokwisha kuviona?»

Mtetezi wa mionekano halikimbii swali, lakini anaomba kwanza itazamwe gharama. Ikiwa maelezo yaliyohifadhiwa hayajali pembe, anasema, basi kugeuza kitu kusingemgharimu mtazamaji lolote, wala muda wala makosa. Anakumbusha jaribio lililochapishwa na Roger Shepard na Jacqueline Metzler mwaka 1971, ambamo watu 8 walionyeshwa jozi 1,600 za michoro ya maumbo yaliyojengwa kwa vijiboksi 10 vilivyounganishwa na kupindwa, wakatakiwa kusema kama maumbo mawili ni yaleyale au hapana. Muda wa kujibu ulipanda kwa mstari ulionyooka kadiri pembe kati ya maumbo hayo ilivyoongezeka, kuanzia sekunde moja hivi pasipo tofauti ya pembe hadi zaidi ya sekunde nne tofauti ilipofika nyuzi 180, yaani takribani nyuzi 60 kwa kila sekunde. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba mzunguko wa kina, ulioonekana kuwa mgumu kuliko ule wa mshale wa saa, haukuchukua muda zaidi. Watu hao walikuwa wakiligeuza umbo akilini hatua kwa hatua, jambo ambalo mwenye maelezo yasiyojali pembe asingekuwa na haja nalo.

Jibu la mtetezi wa muundo kwa hoja hiyo ni kali na lina haki yake. Katika jaribio la Shepard na Metzler, maumbo yasiyolingana mara nyingi yalikuwa taswira za kioo, yaani umbo moja lilikuwa kama mkono wa kulia na jingine kama mkono wa kushoto, na tofauti ya aina hiyo haipo katika sehemu za kitu wala katika jinsi zilivyounganishwa, ipo katika upande tu. Kuulizwa «ni wa kulia au wa kushoto?» si sawa na kuulizwa «ni nini?», na mtu anaweza kutambua mara moja kwamba anaona glavu huku akihitaji muda kujua ni ya mkono upi. Basi jaribio hilo linaonyesha kwamba akili inaweza kugeuza maumbo. Halionyeshi kwamba hufanya hivyo kila inapotambua kitu. Hapa mtetezi wa mionekano anakubali bila shingo upande, na kukubali kwake ni muhimu, kwa maana wengi nje ya fani wameendelea kulitaja jaribio hilo kama thibitisho la jambo ambalo haliligusi.

Akiwa amepata nafasi hiyo, mtetezi wa muundo anamleta Irving Biederman, ambaye mwaka 1987 aliipa kambi hiyo nadharia iliyo wazi kuliko zote. Kwa mujibu wa Biederman, vitu hutambuliwa kwa sehemu sahili alizoziita jeoni, kama vile silinda, koni, tofali na bomba lililopinda, na aina hizo hazizidi 36. Jinsi zinavyopangwa ndivyo kitu kinavyojulikana, kwani mpini uliopinda ukiwa ubavuni mwa silinda ni kikombe, na mpini uleule ukiwa juu ya silinda ni ndoo. Jeoni hutambulika kwa sifa zisizotokea kwa bahati. Maana yake ni kwamba mstari ulionyooka katika picha kwa kawaida hutokana na ukingo ulionyooka katika kitu, mistari sambamba hutokana na kingo sambamba, na tofauti na hivyo ingetokea tu mtazamaji akisimama mahali pamoja pa nadra sana; kwa hiyo sifa hizo hazitetereki kitu kinapogeuka. Mwaka 1993 Biederman na Peter Gerhardstein walionyesha kwamba mtu aliyetaja jina la kitu cha kawaida mara moja hufaidika karibu kiasi kilekile anapokiona tena kikiwa kimezungushwa katika kina, mradi sehemu zilezile zimebaki kuonekana. Waliweka masharti matatu: kitu kiwe kinagawanyika katika jeoni, mpangilio wake utofautiane na wa vitu vingine, na mpangilio huo uonekane kutoka pembe zote mbili.

«Masharti hayo matatu,» anajibu mtetezi wa mionekano, «ndiyo ungamo lenyewe.» Anaeleza kwamba nadharia inayodai kutojali pembe, kisha ikadai sehemu zilezile zibaki kuonekana, imekwisha kukubali kwamba pembe ina neno la kusema, kwa kuwa mzunguko wa kina kwa asili yake huficha sehemu na kufichua nyingine. Zaidi ya hayo, kuna vitu visivyo na jeoni za kutofautisha. Irvin Rock na Joseph DiVita walitumia waya uliokunjwa kunjwa bila mpango, na mwaka 1987 wakaripoti kwamba watu waliouona waya kutoka mahali pamoja walishindwa mara nyingi kuutambua ulipohamishiwa mahali penye mwonekano tofauti, ingawa umbo lenyewe halikuguswa. Baadaye Rock na wenzake waliwataka watu wafikirie waya huo ungeonekanaje kutoka upande mwingine, na hata hilo liliwashinda, jambo linaloonyesha kwamba uwezo wa kugeuza maumbo akilini una mipaka ya karibu. Heinrich Bülthoff na Shimon Edelman waliongeza usahihi mwaka 1992: waliwafundisha watu vitu vya aina hiyo kwa mionekano iliyotenganishwa na nyuzi 75, kisha wakawapima kwa pembe mpya. Pembe zilizokuwa kati ya zile zilizofundishwa zilitambuliwa vizuri, zilizozidi nje yake kwenye mhimili uleule zilitambuliwa vibaya zaidi, na zilizogeukia mhimili mwingine ndizo zilizoleta makosa mengi kuliko zote. Mpangilio huo wa makosa ndio hasa unaotabiriwa na wazo kwamba akili hujaza pengo kati ya picha ilizo nazo, kama Tomaso Poggio na Edelman walivyokuwa wameonyesha kwa hisabati mwaka 1990, na mtu mwenye maelezo kamili ya muundo asingekuwa na sababu yoyote ya kuujali mhimili.

Mtetezi wa muundo anapinga kwamba hakuna mtu anayeishi kwa kutambua nyaya zilizokunjwa ovyo, na kwamba dunia ya kweli ni ya vikombe, viti, miti na wanyama. Pingamizi hilo lina uzito mdogo kuliko linavyodhaniwa, kwa maana nyuso za watu zinafanana na nyaya hizo katika jambo lililo muhimu: zote zina pua, macho na mdomo vilivyopangwa vilevile, na kinachozitofautisha ni vipimo vidogo ambavyo hakuna orodha ya jeoni itakayovinasa. Mtu ambaye amemwona mgeni mara moja kutoka mbele huweza kumpita akiwa ameonekana ubavu, wakati ndugu yake humtambua kwa kisogo. Mwaka 1995 Michael Tarr na Bülthoff walimjibu Biederman na Gerhardstein katika jarida lilelile, nao wakajibiwa papo hapo. Mwaka 1998 Tarr na wenzake walichukua jeoni zenyewe, moja moja, yaani vitu ambavyo kwa nadharia ya muundo visingepaswa kuleta gharama yoyote, na wakaikuta gharama ya pembe ingalipo. Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwapo.

Inafaa hapa isikike sauti ya tatu, ya mwanasaikolojia wa magonjwa ya ubongo, kwa sababu kambi zote mbili zimemtegemea bila kumpa haki yake. Elizabeth Warrington, akifanya kazi London, aliripoti pamoja na Angela Taylor mwaka 1973 kwamba wagonjwa walioumia sehemu ya nyuma ya upande wa kulia wa ubongo waliweza kutaja vitu vilivyopigwa picha kutoka pembe ya kawaida, lakini walipata taabu kubwa vitu vilevile vilipopigwa picha kutoka pembe zisizozoeleka. Jicho lao lilikuwa zima, na jina na kazi ya kitu walivijua; kilichokatika ni daraja la kutoka mwonekano mgeni hadi kitu kinachojulikana. Marr mwenyewe alisimulia katika kitabu chake jinsi matokeo ya Warrington yalivyomsukuma kuamini kwamba kazi kuu ya uoni ni kujenga umbo. Mtetezi wa mionekano naye huyataja kwa haki ileile, kwani ikiwa daraja linaweza kuvunjika na pembe ya kawaida ikabaki salama, basi pembe ya kawaida haikupitia kwenye daraja hilo. Tena Stephen Palmer, Eleanor Rosch na Paul Chase walikwisha kuonyesha mwaka 1981 kwamba hata watu wenye afya wana pembe wanayoipendelea kwa kila kitu, iwe ni farasi, gari au birika, mara nyingi ile ya mshazari inayoonyesha mbele, ubavu na juu kidogo kwa pamoja, na kwamba muda wa kutaja jina huongezeka kadiri picha inavyoiacha pembe hiyo.

Ushahidi uliobadilisha sauti ya mjadala ulitoka ndani ya ubongo. Nikos Logothetis na wenzake waliwafundisha kima kutambua vitu vya waya katika miaka ya 1990, na kima hao, sawa na watu, walianza kushindwa kitu kilipozungushwa takribani nyuzi 40 kutoka mwonekano waliofundishwa. Watafiti waliposikiliza seli za neva katika eneo la chini la ubongo lililo nyuma ya panja, ambalo ni kituo cha mwisho cha njia ya kutambua vitu, walikuta seli nyingi zilizoitikia mwonekano mmoja wa kitu kimoja na kunyamaza kadiri kitu kilivyogeuzwa mbali nao. Huo ulionekana ushindi wa wazi wa kambi ya mionekano. Lakini zilikuwapo pia seli chache, chache sana, zilizoitikia kitu kimoja kutoka pembe zote, na mtetezi wa muundo alikuwa na kila haki ya kuuliza zimetoka wapi.

Jibu lililo bora zaidi mpaka sasa lilitolewa na Winrich Freiwald na Doris Tsao mwaka 2010, kwa kufuata nyuso. Katika ubongo wa kima kuna maeneo kadhaa madogo yanayoshughulikia nyuso, yaliyopangwa kutoka nyuma kwenda mbele, na watafiti hao waliingiza vipimo vyao katika kila eneo kwa zamu. Katika maeneo ya kati, seli ziligawana kazi kwa pembe: nyingine zilipenda uso wa mbele, nyingine ubavu wa kushoto, nyingine ubavu wa kulia, bila kujali sana uso ni wa nani. Katika eneo la mbele kabisa, seli zilimtambua mtu karibu kutoka kila pembe. Na kati ya hatua hizo mbili palikuwa na eneo ambalo seli zake ziliitikia ubavu wa kushoto na ubavu wa kulia kwa nguvu sawa, kana kwamba ubongo ulikuwa umeligundua jambo la jiometria ambalo wengi hawalifikirii: kwamba mwili wenye pande mbili zinazolingana, ukigeuzwa katika kina kwenda kushoto au kulia, hutoa picha ambazo kila moja ni taswira ya kioo ya nyingine, na kwamba kuziunganisha hizo kwanza ni njia ya mkato kuelekea kuunganisha zote.

Mtetezi wa muundo anasoma matokeo hayo na kusema kwamba mwisho wa njia ni utambuzi usiojali pembe, kama alivyodai tangu mwanzo. Mtetezi wa mionekano anasoma matokeo hayohayo na kusema kwamba hakuna mahali popote katika njia hiyo palipoonekana silinda, koni wala mhimili wa kitu, ila mionekano iliyoungana na mionekano. Ushahidi unaelemea upande wa huyu wa pili, na ni vyema kulisema hilo bila kupaka mafuta: kutojali pembe ni kitu kinachojengwa, tena kwa vipande vinavyojali pembe, na gharama ya muda na makosa ambayo majaribio yameipima kwa miaka mingi ni alama ya ujenzi huo. Hata hivyo swali la kiti kisichowahi kuonekana bado limesimama pale pale lilipowekwa, kwa sababu kuunganisha mionekano ya uso ambao umekwisha kuzoeleka hakuelezi jinsi mtu anavyokutana na kitu kigeni na kujua mara moja wapi ni mgongo wake, wapi ni miguu yake, na wapi pa kukishikia.

Mashine zimelifanya swali hilo kuwa la haraka. Mitandao ya neva bandia, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kutaja vitu kwa kupitia mamilioni ya picha, ni kambi ya mionekano iliyopewa mwili wa chuma, kwa kuwa hazikupewa silinda wala jeoni, zimepewa picha tu. Mwaka 2019 Michael Alcorn na wenzake walichukua vitu ambavyo mitandao hiyo ilivitambua bila taabu katika mkao wa kawaida, likiwamo basi la shule, wakavigeuza katika kina kwa kutumia vielelezo vya kompyuta, na wakakuta kwamba mitandao ilikosea katika asilimia 97 ya mikao yote inayowezekana. Mtetezi wa muundo anaona hapa pengo ambalo wingi wa picha haujaliziba. Mtetezi wa mionekano anajibu kwamba picha za mitandaoni hupigwa na watu wanaopendelea pembe ileile ya mshazari, na kwamba picha milioni moja za mabasi yaliyosimama si sawa na dakika moja ya kitu kimoja kinachogeuka mfululizo mbele ya macho.

Kwa hoja hiyo ya mwisho anao ushahidi wa kiumbe mdogo. Justin Wood aliripoti mwaka 2013 kuhusu vifaranga wa kuku walioanguliwa gizani na kulelewa katika vyumba ambamo kitu pekee cha kutazama kilikuwa umbo moja la kompyuta, likigeuka katika upana wa nyuzi 60 tu. Vifaranga hao hawakuwa na maarifa ya awali ya kitu kingine chochote, na bado walipopimwa waliweza kulitambua umbo lao kutoka pembe ambazo hazikuwamo katika yale yote waliyokuwa wameyaona. Mtetezi wa mionekano anasisitiza kwamba walijifunza kutokana na mwendo, ambao huishona sura moja na inayofuata. Mtetezi wa muundo anasisitiza kwamba walivuka nyuzi walizofundishwa, jambo ambalo watu wazima walishindwa kwa waya. Umbo lao lilikuwa na sehemu zinazoonekana, waya haukuwa nazo, na jaribio litakalowalea vifaranga hao kwa waya tupu ndilo ambalo kila upande katika mjadala huu una sababu ya kulidai.